Haibanesheni kwa faili la swapu kwenye Linux: hatua kwa hatua, na mahali watu wanapokwama

Maswali ni yale yale. "Nimeandika `systemctl hibernate`, laptopu ikazima, nilipoiwasha ikaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea." Au: "Naambiwa swapu haitoshi, na ninayo GB 20." Mara nyingi mashine haina ubovu. Kuna namba moja imekosewa, au mahali pamoja pamesahaulika. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke.

Jambo moja la kuelewa kwanza, maana makosa mengi yanatoka hapo. Kompyuta ikilazwa kwenye diski (ndiyo haibanesheni yenyewe), kerneli, yaani kiini cha Linux, inaandika picha ya RAM ndani ya swapu, nafasi ya diski inayotumika kama nyongeza ya RAM, kisha umeme unakatwa kabisa. Ukiiwasha, picha ile inatakiwa isomwe kabla mfumo wa faili haujafunguliwa. Wakati huo hakuna kitu kinachoitwa `/swapfile`. Kuna diski tupu tu yenye bloku zilizopewa namba. Kwa hiyo ni lazima uiambie kerneli mambo mawili: ni patisheni (kipande cha diski) ipi, na ndani ya patisheni hiyo faili linaanzia bloku ya ngapi. Mwenye patisheni maalumu ya swapu hahitaji hilo la pili. Wewe wa faili unalihitaji.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Haki za `sudo`.
- Nafasi kwenye diski kubwa kidogo kuliko RAM yako. RAM ya GB 8, tenga 10. Ya 16, tenga 20. Ya 32, tenga 36. Kerneli hubana picha, na kwa kawaida hulenga isizidi mbili ya tano ya RAM, lakini hilo ni lengo tu. Siku umefungua kila kitu utaihitaji nafasi yote.
- Mfumo wa faili wa ext4, XFS au Btrfs. Kwenye ZFS faili la swapu halifanyi kazi. Huko tengeneza patisheni.
- Nakala ya kazi zako muhimu mahali pengine. Jaribio la kwanza lisifanywe ukiwa na ripoti ya kesho ambayo hujaihifadhi.

Kisha hakikisha kerneli yenyewe inaruhusu:

```
cat /sys/power/state
cat /sys/power/disk
```

Jibu la kwanza liwe na neno `disk`. La pili lionyeshe orodha kama `[platform] shutdown reboot suspend test_resume`. Ukiona `[disabled]`, simama hapo hapo na uangalie Secure Boot, ule ulinzi wa UEFI unaokagua saini za programu za kuwashia kompyuta:

```
mokutil --sb-state
cat /sys/kernel/security/lockdown
```

Kwenye Ubuntu, Debian na Fedora, Secure Boot ikiwa imewashwa kerneli inajifunga na haibanesheni inakataliwa. Hakuna mpangilio wa faili la swapu utakaolitatua hilo. Ama uzime Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI, ama uachane na haibanesheni na utumie kusinzia kwa kawaida (suspend), ambako RAM inabaki na umeme. Amua sasa, usije ukapoteza jioni nzima.

## Hatua ya 1: Tengeneza faili la swapu

Angalia kwanza kilichopo:

```
swapon --show
```

Ukiona `/dev/zram0` peke yake, kama ilivyo Fedora, ujue hiyo ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe. Umeme ukikatika nayo imekwenda, kwa hiyo picha haiwezi kuandikwa humo. Huna haja ya kuiondoa. Iache, na uongeze faili kando yake. Kwenye Ubuntu huenda ukakuta `/swapfile` au `/swap.img` la GB chache tu. Zima na ufute, kisha utengeneze kubwa. Mfano ni wa RAM ya GB 16.

Kwa ext4 na XFS:

```
sudo swapoff /swapfile
sudo rm /swapfile
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=20480 status=progress
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

(Kama faili la zamani halipo, ruka mistari miwili ya mwanzo.) Kuna wanaopendelea `fallocate` kwa sababu inamaliza papo hapo. Kwenye ext4 haina neno, lakini kwenye baadhi ya mifumo ya faili `swapon` hulalamika kuwa faili lina matundu. `dd` inachukua dakika chache na haina ubishi.

Kwa Btrfs usitumie `dd`. Faili la swapu huko haliruhusiwi kubanwa wala kunakiliwa linapoandikwa, na subvolumu (sehemu inayojitegemea ndani ya Btrfs) yenye swapu inayotumika haiwezi kupigwa snapshoti, yaani nakala ya hali yake ya wakati huo. Lipe subvolumu yake:

```
sudo btrfs subvolume create /swap
sudo btrfs filesystem mkswapfile --size 20g --uuid clear /swap/swapfile
sudo swapon /swap/swapfile
```

Amri ya `mkswapfile` ilikuja na btrfs-progs 6.1. Ukiambiwa haijulikani, sasisha kifurushi hicho kwanza.

Sasa mstari wa `/etc/fstab`, mmoja tu, ukibadilisha njia ya faili kama yako ni tofauti:

```
/swapfile none swap defaults 0 0
```

Futa mstari wa swapu ya zamani kama bado upo. Fedora, ambako SELinux (mfumo wa ulinzi unaoamua programu ipi iguse faili lipi) iko kazini, ongeza pia lebo ya faili, la sivyo huduma ya kulaza mashine itazuiwa kulisoma:

```
sudo semanage fcontext -a -t swapfile_t '/swap/swapfile'
sudo restorecon -v /swap/swapfile
```

## Hatua ya 2: Pata UUID ya patisheni

```
findmnt -no UUID -T /swapfile
```

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. UUID ni kitambulisho cha kipekee cha mfumo wa faili au swapu. `mkswap` ilipomaliza kazi ilikuandikia UUID kwenye skrini. Siyo hiyo. Ile ni ya swapu iliyo ndani ya faili, na wakati wa kuamka hakuna anayeweza kuiona. Unayoitaka ni ya mfumo wa faili ambamo faili limehifadhiwa.

Kama diski imesimbwa kwa LUKS, amri hiyo hiyo itakupa UUID ya mfumo wa faili wa ndani, baada ya kufuli kufunguliwa. Tumia hiyo. Ile ya kontena la LUKS inayoonekana kwenye `lsblk -f` ikiwa na aina `crypto_LUKS` haifai.

## Hatua ya 3: Pata namba ya bloku

Kwa ext4 na XFS:

```
sudo filefrag -v /swapfile | head -n 5
```

Utaona kitu cha namna hii:

```
Filesystem type is: ef53
File size of /swapfile is 21474836480 (5242880 blocks of 4096 bytes)
 ext:     logical_offset:        physical_offset: length:   expected: flags:
   0:        0..   32767:    1411072..   1443839:  32768:
   1:    32768..   65535:    1443840..   1476607:  32768:
```

Nenda kwenye mstari wa `0:`, safu ya `physical_offset`, chukua namba ya kwanza: `1411072`. Nukta mbili zinazofuata siyo sehemu yake. Usichukue `1443839`, huo ni mwisho wa kipande cha kwanza. Wala usichukue `0` ya `logical_offset`. Faili kuwa na vipande vingi si tatizo: kerneli inahitaji tu mahali kichwa cha swapu kilipo, vipande vingine itavipata yenyewe.

Tupia jicho mstari wa pili pia. Ukisema `blocks of 4096 bytes`, namba iko sawa kama ilivyo, maana ukurasa wa kumbukumbu kwenye kompyuta za kawaida za x86 nao ni baiti 4096.

Kwa Btrfs sahau `filefrag`. Itakupa namba inayofanana na ya kweli lakini ni ya uongo, kwa sababu Btrfs ina anwani zake za ndani. Tumia hii:

```
sudo btrfs inspect-internal map-swapfile -r /swap/swapfile
```

Jibu ni namba moja tu. Ndiyo hiyo.

## Hatua ya 4: Iambie kerneli

Unaongeza maneno mawili kwenye mstari wa kuwashia kerneli: `resume=` na `resume_offset=`. Weka UUID na namba zako.

Ubuntu, Debian na ndugu zake. Fungua `/etc/default/grub` na uongeze ndani ya alama za nukuu zilizopo, bila kufuta yaliyokuwamo:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash resume=UUID=xxxxxxxx-xxxx-xxxx-xxxx-xxxxxxxxxxxx resume_offset=1411072"
```

Kisha:

```
sudo update-grub
```

Fedora:

```
sudo grubby --update-kernel=ALL --args="resume=UUID=xxxxxxxx-xxxx-xxxx-xxxx-xxxxxxxxxxxx resume_offset=1411072"
```

Arch: ukitumia GRUB, hariri faili lile lile kisha `sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg`. Ukitumia systemd-boot, ongeza maneno hayo mwishoni mwa mstari wa `options` kwenye faili lililo ndani ya `/boot/loader/entries/`.

Usiache nafasi kuzunguka alama ya `=`. `resume = UUID=…` haisomeki, na hakuna atakayekuonya.

## Hatua ya 5: Jenga upya initramfs

initramfs ni kile kimfumo kidogo kinachoamka kabla ya mfumo mkubwa. Ndicho kinachotafsiri UUID kuwa diski halisi na kuiomba kerneli isome picha. Kikiwa hakina kipengele cha resume, Hatua ya 4 ni maandishi tu.

Ubuntu na Debian: angalia kama lipo faili `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Mara nyingi limebaki na UUID ya patisheni ya swapu iliyokwisha kufutwa. Lifanye lilingane na ulichoandika:

```
echo 'RESUME=UUID=xxxxxxxx-xxxx-xxxx-xxxx-xxxxxxxxxxxx' | sudo tee /etc/initramfs-tools/conf.d/resume
sudo update-initramfs -u -k all
```

Fedora: nafasi zilizo ndani ya alama za nukuu ni za lazima.

```
echo 'add_dracutmodules+=" resume "' | sudo tee /etc/dracut.conf.d/resume.conf
sudo dracut -f
```

Arch: kwenye `/etc/mkinitcpio.conf`, kama mstari wa `HOOKS` unatumia `udev`, ongeza `resume` baada yake. Mwenye `encrypt` au `lvm2` aiweke `resume` baada ya hizo, maana huwezi kusoma picha iliyo nyuma ya mlango ambao haujafunguliwa. Kama `HOOKS` inatumia `systemd` badala ya `udev`, usiongeze chochote. Halafu:

```
sudo mkinitcpio -P
```

## Hatua ya 6: Washa upya, ukague, ndipo ujaribu

Washa kompyuta upya kwa njia ya kawaida. Usilaze bado.

```
cat /proc/cmdline
cat /sys/power/resume
cat /sys/power/resume_offset
lsblk
swapon --show
```

Kwenye `/proc/cmdline` uone maneno yako mawili. `/sys/power/resume` itatoa kitu kama `259:2`. Tafuta namba hiyo kwenye safu ya `MAJ:MIN` ya `lsblk` na uhakikishe inaangukia kwenye patisheni, au kontena lililofunguliwa, lenye faili lako. `resume_offset` iwe ile ile uliyoandika. Ukikuta `0:0`, initramfs haikufanya kazi yake: rudi Hatua ya 5.

Sasa jaribio lenyewe. Fungua kihariri cha maandishi, andika neno moja bila kulihifadhi, kisha:

```
cat /proc/sys/kernel/random/boot_id
systemctl hibernate
```

Nakili herufi za mwanzo za jibu la kwanza kwenye karatasi. Kompyuta ikizima kabisa, iwashe. Ukirudi, soma tena `boot_id`. Ikiwa ile ile na neno lako bado liko kwenye kihariri, umefanikiwa. Ikibadilika, mashine iliwaka upya hata kama kivinjari kimekurudishia kurasa zako zote. Kivinjari kimewadanganya wengi hapa.

Rudia mara tatu au nne, mojawapo ukiwa umefungua programu nyingi. Jaribio moja halitoshi.

## Mambo ya kutokufanya

Usiguse diski ya kompyuta iliyolala. Picha ya RAM inakumbuka mfumo wa faili jinsi ulivyokuwa. Ukiwasha kwa flashi ya USB, ukafungua patisheni hiyo na kuandika kitu, kisha ukaamsha ile picha, kerneli itaendelea kwa kumbukumbu iliyopitwa na wakati na kuharibu data. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye Windows kwenye mashine hiyo hiyo: patisheni mnayoshirikiana ifungwe upande wa Linux kabla ya kulala, na kipengele cha Fast Startup cha Windows kizimwe. Hili ndilo onyo pekee hapa linaloweza kukugharimu faili zako, kwa hiyo lichukulie kwa uzito.

Usilaze mara baada ya kusasisha kerneli. Washa upya kwanza.

Ukilifuta faili la swapu na kulitengeneza upya, namba ya bloku imebadilika. Hata kama jina na ukubwa ni ule ule. Rudia Hatua ya 3 hadi ya 5. Ukihamia diski mpya, UUID nayo ihakikishe.

Na kama diski haijasimbwa, ujue kuwa picha ya RAM inalala humo pamoja na nywila zilizokuwa wazi. Mwenye laptopu ya kutembea nayo alifikirie hilo.

## Ikigoma

Inaanza upya badala ya kurudi. Hili ndilo linaloulizwa zaidi. Kwa mpangilio: UUID ni ya `mkswap`? Namba ya bloku ni ya zamani? initramfs haikujengwa? `/sys/power/resume` ni `0:0`? Karibu kila mara ni mojawapo ya hayo. Angalia pia kama mstari wa kuwashia una neno `noresume`.

`Not enough suitable swap space for hibernation` (au maneno yanayofanana). Ama faili ni dogo, ama halijawashwa, ama una zram tu. `swapon --show` itakuambia. Kama faili lipo na ni kubwa, na uko Fedora, shuku lebo ya SELinux. Kama nafasi inakosekana siku za kazi nyingi tu, iambie kerneli ibane picha kadiri inavyowezekana:

```
echo 'w /sys/power/image_size - - - - 0' | sudo tee /etc/tmpfiles.d/hibernation.conf
```

Itaanza kutumika ukiwasha tena. Kulala kutachukua muda zaidi kidogo, na baada ya kuamka programu zitakuwa nzito kwa dakika ya kwanza.

`Specified resume device is missing or is not an active swap device`. systemd imelinganisha `resume=` na `resume_offset=` na swapu zilizowashwa, zikakataa kukutana. Rudia Hatua ya 2 na 3 bila kunakili kutoka kumbukumbu.

`PM: Cannot find swap device, try swapon -a` kwenye `dmesg` (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli). Ugonjwa ni huo huo, ila safari hii umeonekana na kerneli.

Skrini inazima, kisha inarudi papo hapo. Kuna draiva imekataa kulala. Itafute bila kuzima mashine:

```
echo devices | sudo tee /sys/power/pm_test
echo disk | sudo tee /sys/power/state
sudo dmesg | tail -n 40
echo none | sudo tee /sys/power/pm_test
```

Mashine itasitisha vifaa, isubiri sekunde 5, irudi. Jina la kifaa kilichoshindwa litakuwa kwenye `dmesg`. Usisahau mstari wa mwisho, la sivyo kila ukilaza itakuwa mazoezi tu.

Inaamka na skrini nyeusi au picha zilizovurugika, na kadi ni NVIDIA. Draiva rasmi ina huduma zake za kuhifadhi kumbukumbu ya kadi:

```
echo 'options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1' | sudo tee /etc/modprobe.d/nvidia-power.conf
sudo systemctl enable nvidia-suspend.service nvidia-hibernate.service nvidia-resume.service
```

Jenga initramfs tena, washa upya, jaribu.

Haizimi umeme mwishoni. Taa zinabaki zinawaka. Baadhi ya mashine hazielewani na njia ya `platform`. Weka hii kwenye `/etc/systemd/sleep.conf`, chini ya `[Sleep]`:

```
HibernateMode=shutdown
```

Amri inafanya kazi lakini menyu haina kitufe. GNOME haikionyeshi kwa kawaida, na hilo si kosa lako. Njia rahisi kuliko kuhangaika na menyu ni kuipa kazi hiyo mfuniko wa laptopu, ndani ya `/etc/systemd/logind.conf`:

```
HandleLidSwitch=suspend-then-hibernate
```

na kwenye `sleep.conf`:

```
HibernateDelaySec=60min
```

Ukifunika, itasinzia tu. Saa moja ikipita bila kufunguliwa, itahamia kwenye diski yenyewe. Fanya hivi baada ya `systemctl hibernate` kufaulu kwa mkono mara kadhaa, siyo kabla: mashine inayoshindwa kuamka ndani ya begi huwezi kuisoma `dmesg`.